Kivuko cha Rafah: Misri na swali la kuwapokea watu wa Gaza

Tarehe 13 Oktoba 2023 jeshi la Israel liliwaamuru watu zaidi ya milioni 1 waliokuwa kaskazini mwa Ukanda wa Gaza wahamie kusini ya bonde la Wadi Gaza katika muda wa saa 24. Siku sita zilikuwa zimepita tangu wapiganaji wa Hamas walipovuka uzio, wakaua watu wapatao 1,200 ndani ya Israel na kuchukua mateka wapatao 250, na tangu hapo mabomu yalikuwa yakianguka Gaza usiku na mchana. Ukanda wote una eneo la kilomita za mraba 365 tu na wakazi zaidi ya milioni 2. Kusini kabisa upo mji wa Rafah, na ukishaupita unafika kwenye ukuta wa Misri. Ndiyo maana amri ile ilipotolewa macho ya watu yaligeukia kivuko cha Rafah, na swali likaanza kuulizwa magazetini, mabungeni na hata kwenye baraza zetu za kahawa: kwa nini Misri, nchi ya Kiarabu yenye Waislamu wengi, haifungui lango watu waokoke?

Wengi huliuliza swali hilo kwa uchungu wa kweli, na uchungu huo unastahili jibu lenye uzito. Lakini ndani yake mmechanganywa mambo mawili yasiyofanana. Jambo moja ni haki ya mtu anayekimbia kifo, awe mgonjwa wa saratani, mama mjamzito au mtoto aliyekatwa mguu, kuvuka mpaka na kupewa hifadhi. Jambo jingine ni nchi jirani kukubali kuwa mahali pa kuhamishiwa umma mzima huku ardhi waliyoiacha ikibaki mikononi mwa yule aliyewafukuza. Kisa cha Misri kinaonyesha jinsi serikali inavyoweza kuwa na haki kamili katika jambo hili la pili, kisha ikaitumia haki hiyo hiyo kujisamehe wajibu wake katika lile la kwanza.

Jibu la majirani lilitolewa mapema na bila kificho. Tarehe 17 Oktoba 2023, akiwa Berlin, Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan alisema kwamba hakutakuwa na wakimbizi Jordan wala Misri, na kwamba huo ni mstari usiovukwa. Siku iliyofuata, mjini Cairo, Rais Abdel Fattah al-Sisi alisimama pamoja na Kansela wa Ujerumani, Olaf Scholz, akaeleza hoja yake kwa kirefu. Kuwahamishia watu wa Gaza katika Rasi ya Sinai, alisema, kutaigeuza Sinai kuwa uwanja wa kuishambulia Israel. Israel itajibu kwa kuipiga ardhi ya Misri. Na mapatano ya amani yaliyodumu miongo minne yatayeyuka. Akaongeza kwamba wakishahamishwa wa Gaza, watafuata wa Ukingo wa Magharibi kupelekwa Jordan, na dola ya Palestina haitakuwa na watu wa kuishi ndani yake. Iwapo nia ni kuwaweka raia mbali na mapigano mpaka yaishe, alisema, jangwa la Negev lipo, na liko ndani ya Israel.

Hoja ya Negev ilichukuliwa na baadhi ya watu kama kejeli ya mwanasiasa. Mimi naiona ndiyo hoja nzito kuliko zote alizozitoa. Takriban watu saba kati ya kumi wa Gaza ni wakimbizi wa mwaka 1948 au vizazi vyao. Katika vita vya mwaka ule Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, na wapatao 200,000 kati yao waliishia katika ukanda huu mwembamba ambao wenyeji wake walikuwa kama 80,000 tu. Walitoka Jaffa, Beersheba, Majdal na vijiji vya karibu kabisa, vingine vikiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye uzio wa sasa. Kwa hiyo tunapozungumzia nchi jirani na wajibu wake, jirani wa kwanza wa Gaza ni Israel yenyewe, na ardhi iliyo karibu kuliko zote ni ile ambayo babu za watu hawa waliondolewa. Azimio namba 194 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 11 Desemba 1948, lilisema wakimbizi wanaotaka kurejea makwao na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe kufanya hivyo. Halikutekelezwa mwaka ule, wala mwaka wowote uliofuata.

Hofu ya kwamba anayeondoka harudi imetokana na mambo yaliyowapata watu hawa hawa. Na mwishoni mwa Oktoba 2023 ilipata ushahidi mpya, pale hati ya Wizara ya Ujasusi ya Israel yenye tarehe 13 Oktoba ilipovuja. Hati hiyo ilipima njia tatu za kushughulikia raia wa Gaza baada ya vita na kupendekeza ile ya kuwahamishia Sinai, kwanza kwenye mahema na baadaye kwenye miji itakayojengwa, pamoja na eneo tupu ndani ya Misri la kuwazuia wasirudi karibu na mpaka. Ofisi ya Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu ilisema ni karatasi ya mawazo tu isiyo na nguvu ya uamuzi. Hata ikiwa hivyo, hakuna serikali yenye akili timamu ambayo ingesoma maneno hayo kuhusu ardhi yake kisha ikafungua lango bila kuuliza lango hilo litafungwa na nani.

Wazo la Sinai lenyewe ni la zamani. Misri ndiyo iliyoitawala Gaza baada ya 1948 hadi 1967, na mwaka 1953 serikali ya Cairo ilikubaliana na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina, kuchunguza mpango wa kuwapa makazi maelfu ya familia kaskazini-magharibi mwa Sinai. Waliouvunja mpango huo ni wakimbizi wenyewe. Baada ya shambulio la Israel mjini Gaza usiku wa tarehe 28 Februari 1955, watu walimiminika barabarani wakidai silaha za kujilinda na wakikataa katakata kupelekwa Sinai. Mshairi Mu'in Bseiso alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano hayo, na utawala wa Misri ukamtia gerezani. Mpango uliachwa. Wanaosema kwamba kukataa kuhamishwa ni siasa ya wafalme na marais wa Kiarabu, ambayo watu wa kawaida hawana habari nayo, wanasahau kwamba mwaka ule serikali ya Cairo ilikuwa tayari kuhamisha na wakimbizi ndio waliokataa.

Kuna kisa kingine, kidogo na kisichojulikana sana, ambacho kwangu kinaeleza Rafah kuliko hotuba zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Israel ilipokuwa imeikalia Gaza na Sinai kwa pamoja, familia ambazo nyumba zao zilibomolewa katika kambi ya Rafah zilihamishiwa umbali mfupi upande wa Sinai, mahali palipoitwa Kambi ya Canada kwa sababu wanajeshi wa Canada wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi hapo. Hawakuvuka mpaka wowote, kwa kuwa wakati huo mpaka haukuwepo. Kisha ukaja mkataba wa amani wa tarehe 26 Machi 1979, na Israel ikamaliza kuondoka Sinai tarehe 25 Aprili 1982. Uzio ulipita katikati ya mji wa Rafah, na watu wapatao 5,000 wa kambi ile wakajikuta wako Misri bila uraia wala njia ya kurudi. Kwa miaka mingi walikuwa wakisimama kwenye uzio na kuwaita kwa sauti jamaa zao wa upande wa pili, wakipeana habari za harusi na misiba. Walikubaliwa kurudi kidogo kidogo, na wa mwisho waliingia Gaza mwaka 2000. Hao walikuwa watu 5,000 waliosogezwa hatua chache tu, na nchi mbili zilizokuwa na mkataba wa amani zilishindwa kuwarudisha kwa karibu miaka 20. Mtu na apige hesabu ya watu milioni 2.

Sheria za kimataifa haziko kimya juu ya hayo. Ibara ya 49 ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 inamkataza mwenye kukalia ardhi kwa nguvu kuwahamisha watu wa ardhi hiyo kwa lazima kwenda nchi nyingine, vyovyote iwavyo sababu yake. Inaruhusu watu kuondolewa kwa muda ikiwa usalama wao unadai hivyo, lakini inataka wabaki ndani ya eneo lao isipokuwa haiwezekani kabisa, na warudishwe mapigano yanapokwisha mahali hapo. Wajibu wa kurudisha uko juu ya mwenye nguvu. Haijawahi kutangazwa hadharani kwamba serikali ya Israel iliiandikia Misri ahadi ya namna hiyo, yenye tarehe, majina na mashahidi.

Ziko pia sababu za Misri yenyewe, na nyingine hazina uhusiano wowote na mapenzi kwa Wapalestina. Kaskazini mwa Sinai serikali imepigana kwa muongo mzima na makundi yenye silaha. Novemba 2017 watu zaidi ya 300 waliuawa katika msikiti wa kijiji cha Rawda siku ya Ijumaa. Baada ya shambulio lililoua wanajeshi wapatao 30 mwezi Oktoba 2014, jeshi lilianza kubomoa nyumba za Rafah ya upande wa Misri, likawatoa wenyeji na kufuta karibu mji wote ili kuzuia mahandaki ya magendo. Hamas ni tawi lililochipuka kutoka Udugu wa Kiislamu, chama ambacho al-Sisi alikiondoa madarakani mwaka 2013. Kwa utawala wa Cairo, kambi za mamia ya maelfu ya watu wenye hasira katika eneo hilo ni jambo la kutisha kwa usalama wake wenyewe. Hilo si siri, na haliivunji hoja ya kisheria.

Hata hivyo, ipo siku moja katika historia ya kivuko hiki ambayo huisumbua hadithi ya pande zote mbili. Tarehe 23 Januari 2008, Israel ikiwa imeibana Gaza kwa mafuta na chakula, wanamgambo waliulipua ukuta wa Rafah na mamia ya maelfu ya watu wakaingia Misri. Rais Hosni Mubarak aliamuru waachwe wanunue chakula. Walinunua unga, saruji, mbuzi, dawa na mafuta ya taa, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Siku kumi na moja baadaye ukuta ulizibwa, na Sinai haikuwa imegeuka kambi. Watu wa Gaza walipoona mlango wa kurudi uko wazi, walirudi. Tatizo halikuwa kuvuka, wala halijawa kuvuka.

Jordan ina historia ndefu zaidi, nami nitaigusa tu. Ndiyo nchi iliyowapokea Wapalestina wengi kuliko zote: waliosajiliwa na UNRWA huko ni zaidi ya milioni 2, na wengi wao wana uraia kamili. Lakini waliotoka Gaza mwaka 1967 hawakupewa uraia huo, na hadi leo katika kambi ya Jerash, ambayo watu huiita kambi ya Gaza, mjukuu wa mkimbizi anazaliwa na kuzeeka akiwa mgeni. Jordan inakumbuka pia mapigano ya Septemba 1970 kati ya jeshi lake na wapiganaji wa Kipalestina, kama Lebanon inavyokumbuka vita vyake vya 1975 hadi 1990. Mfalme anapokataa anafahamu kwamba wapo wanasiasa wa Israel ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisema Jordan ndiyo dola ya Wapalestina, na kila mkimbizi mpya anahesabiwa kama ushahidi wao.

Sasa turudi kwa wale waliovuka, kwani walikuwepo. Kivuko kilianza kupitisha wenye pasipoti za kigeni na majeruhi tarehe 1 Novemba 2023, na hadi Mei 2024, kwa maelezo ya ubalozi wa Palestina mjini Cairo, waliokuwa wameingia Misri walifikia takriban 100,000. Baadhi walikuwa majeruhi na wagonjwa walioandikishwa. Wengine wengi walilipa. Ada za kile kilichoitwa uratibu, zilizokusanywa na kampuni ya usafiri yenye uhusiano na wenye mamlaka, zilifika dola 5,000 kwa mtu mzima na 2,500 kwa mtoto, na familia ziliomba michango kwenye mitandao kutoka kwa watu wasiowajua ili zinunue uhai wao. Huwezi kusimama mbele ya ulimwengu ukasema unalinda haki ya taifa lisifukuzwe, huku mlangoni kwako mtu wa taifa hilo hilo akipimwa kwa uzito wa mfuko wake. Hapa sioni udhuru wowote wa kisheria au wa kiusalama, kwa sababu aliyeweza kulipa hakuwa salama zaidi kwa Misri kuliko yule aliyeshindwa.

Walipoingia walikuta shimo katika mfumo wa ulinzi wa wakimbizi. UNRWA inafanya kazi Jordan, Lebanon, Syria, Gaza na Ukingo wa Magharibi, Misri haimo. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa ambalo huwahudumia wakimbizi wengine wote, halijapewa nafasi ya kuwasajili Wapalestina nchini Misri, kwa kuwa serikali inashikilia kwamba kuwasajili kutafifisha haki yao ya kurejea. Wengi walipata vibali vya siku 45, na vilipokwisha walibaki bila karatasi yoyote: mtoto hapokelewi shule ya serikali, baba haajiriwi kihalali, akaunti ya benki haifunguki. Hata hali hii ina historia. Enzi za Rais Gamal Abdel Nasser Wapalestina waliokuwa Misri walisoma bure na kuajiriwa kama Wamisri, mpaka mwandishi na waziri wa zamani wa Misri, Yusuf al-Sibai, alipouawa Nicosia, Cyprus, mwezi Februari 1978 na watu wa kundi la Kipalestina la Abu Nidal, na serikali ikawaadhibu wote kwa kuwafutia haki hizo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulisoma jambo hili kwa karibu, maana Misri imefungwa na mkataba ule ule tuliofungwa nao sisi, yaani Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi. Mkataba huo unamtambua mkimbizi kwa upana, ukijumuisha anayekimbia uvamizi na ukaliaji wa kigeni, na unatamka kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la utu, ambalo nchi nyingine isilichukulie kama uadui. Chini ya mkataba huo, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliingia Ngara kupitia daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Tanzania ilipitia magumu mengi nao, hata ikafikia kuwarudisha kwa namna iliyolaumiwa mwaka 1996, lakini Kigali ilikuwa ikiwataka warudi. Tofauti iko hapo. Na Misri yenyewe imewapokea Wasudani zaidi ya milioni 1 tangu Aprili 2023, ijapokuwa iliwawekea masharti ya viza miezi miwili tu baada ya vita kuanza, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba inakataa wakimbizi kwa kuwa ni wakimbizi. Msudani ana nchi ambayo, vita vikiisha, hakuna anayesema asirudi.

Tarehe 7 Mei 2024 vifaru vya Israel viliuteka upande wa Kipalestina wa kivuko, na njia ikafungwa hata kwa wagonjwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini, iliamuru tarehe 24 Mei kwamba shambulio la Rafah lisimamishwe na kivuko kiwe wazi kwa misaada. Amri haikutiiwa. Kuanzia hapo lawama kwamba Misri ndiyo iliyofunga lango ilipungua maana, kwa kuwa lango lilikuwa na funguo mbili na mmoja ulikuwa mkononi mwa jeshi jingine.

Kisha, tarehe 25 Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisema angependa Misri na Jordan ziwachukue watu wa Gaza, na tarehe 4 Februari, Netanyahu akiwa kando yake, akatangaza kwamba Marekani itaichukua Gaza na kuifanya ufuo wa kifahari. Shinikizo lilikuwa kubwa, maana Misri hupokea msaada wa kijeshi wa Marekani wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka na Jordan nayo hutegemea fedha za Washington. Wote wawili walikataa. Mfalme Abdullah alijitolea kuwatibu watoto wagonjwa 2,000, na tarehe 4 Machi mkutano wa wakuu wa nchi za Kiarabu mjini Cairo ulipitisha mpango wa Misri wa dola bilioni 53 wa kuijenga upya Gaza huku watu wake wakiwa ndani. Lakini jibu lililokuwa na nguvu zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa tarehe 27 Januari, wakati wa kusitisha vita, pale mamia ya maelfu ya watu walipotembea kwa miguu kando ya bahari kurudi kaskazini, wakijua kwamba nyumba nyingi walizokuwa wakizirudia zilikuwa vifusi.

Mpango wa Marekani uliotangazwa Septemba 2025, uliozaa usitishaji vita wa Oktoba, ulibadilisha lugha: hakuna atakayelazimishwa kuondoka Gaza, na atakayetaka kuondoka atakuwa huru kufanya hivyo na huru kurudi. Lakini mapema Desemba mamlaka za kijeshi za Israel zilitangaza kwamba kivuko cha Rafah kitafunguliwa kwa wanaotoka Gaza pekee. Misri ilikanusha kuwa imekubali, ikasema kivuko kitafunguliwa kwa pande zote mbili au hakitafunguliwa kwa utaratibu huo, na nchi nyingine saba za Kiarabu na Kiislamu zikaungana nayo. Baadhi ya watu waliona ajabu: yaani sasa Israel inafungua na Misri inazuia? Anayezijua habari za Kambi ya Canada hakushangaa.

Misri ina jambo la kufanya ambalo halihitaji idhini ya Israel wala ya Marekani. Inaweza kuwapa Wapalestina waliokwisha ingia kibali cha ukaazi kinachoweza kuongezwa muda, chenye maandishi ya wazi kwamba mwenye nacho ni mkazi wa Gaza mwenye haki ya kurejea na kwamba kukaa kwake Misri hakuiondoi haki hiyo. Ikawafungulia watoto shule, ikawaruhusu watu wazima kufanya kazi, na ikaharamisha malipo yoyote kwenye kivuko isipokuwa ada rasmi ya serikali. Itifaki ya Casablanca ya mwaka 1965, ambayo Misri ni mwanachama wake, iliahidi karibu yote hayo: Mpalestina afanye kazi kama raia na apewe hati ya safari, huku akibaki na utaifa wake. Karatasi hiyo imekaa Cairo kwa miaka 60, na watu wa Gaza waliovuka kuingia Misri bado wanaisubiri.